Jinsi ya kumvua gaa kwenye ziwa lililojaa maboti na jetiski (Lewisville Lake, Texas)

Wadau mnaokaa Dallas, Denton, Fort Worth na vitongoji vyake hii ni yenu hasa, ila hata ulieko mbali kama una ziwa lenye samaki anayeitwa gaa karibu itakusaidia. Nimeulizwa sana, kwenye misiba yetu, kwenye harusi, hata kazini, we kaka samaki unawapata wapi pale Lewisville wakati Jumamosi ziwa zima limejaa maboti na jetiski, zile pikipiki za majini, na miziki, sisi tukienda tunachomwa jua tunarudi na ndoo tupu. Sasa nimeamua niandike yote ninayoyajua, na naanza na lile kubwa kabisa ambalo ukilishika haya mengine yanajipanga yenyewe: gaa anataka umpe dakika mbili. Akishashika chambo lazima umwache akigeuze mdomoni, na kwenye ziwa lenye fujo hizo dakika mbili ndo zinazoibiwa, na wimbi, na boti, na jetiski inayopita juu ya mshipi wako, na zaidi ya yote na haraka zako mwenyewe. Kila kitu utakachosoma hapa chini, saa ya kwenda, pa kukaa, vifaa, chambo, vyote ni vya kuzipata hizo dakika mbili.

Kwanza umjue samaki mwenyewe. Wamarekani wenyewe wanaandika gar, mi naandika gaa kwa sababu ndo tunavyomtamka. Mtu wa pwani akimwona mara ya kwanza atasema huyu si chuchunge huyu, maana ni mrefu mwembamba na mdomo umechongoka, lakini hawana undugu, chuchunge ni wa bahari na gaa ni wa maji baridi ya Amerika, ukoo wa zamani sana, mababu zake walikuwepo enzi za dainosaria. Mi ni mtu wa Mwanza kwa hiyo kilichonishika moyo ni kingine, huyu samaki anapumua hewa kama kamongo wa kwetu. Kile kibofu chake cha ndani kina mishipa mingi ya damu na kimeungana na koo, maji yakipata joto na hewa ya majini ikipungua yeye anapanda juu, anafungua mdomo, anagugumia hewa, anashuka. Ukiwa umetulia unasikia kabisa, plup, alafu unaona mgongo unajiviringisha polepole kama gogo linalogeuka, alafu kimya. Hiyo sauti ndo itakayokwambia kama umekaa pazuri au unapoteza muda.

Na mwili wake ni deraya. Magamba si haya ya sato unayoyakwangua kwa kisu, ni vipande vigumu vyenye umbo la almasi vimebanana kama vigae vya bafuni, Wenyeji wa Amerika wa zamani waliyafanya ncha za mishale. Mdomo nao ni mfupa mtupu na meno kama sindano kuanzia ncha mpaka karibu na macho. Sasa fikiria ndoana inaingilia wapi hapo? Haina pa kuingilia. Ndo maana ukivuta tu pale boya linapotikisika, ndoana inagonga mfupa inateleza na samaki anaenda zake, na wewe unabaki unasema ziwa hili halina kitu. Watu wengi walioniambia Lewisville haina gaa walishashikwa chambo mara kumi siku hiyo hiyo, hawakujua tu.

Pale utakutana sana na gaa mdomo mrefu, huyu mdomo ni mwembamba kama kalamu na anafika mita moja bila shida, mara moja moja zaidi ya hapo. Yupo na gaa madoadoa, mfupi kidogo, mdomo mpana kiasi, ana madoa mpaka kichwani. Kukupa picha ya ukubwa, mwaka 1954 kwenye Mto Trinity, mto ambao tawi lake la Elm Fork ndo linalolijaza ziwa letu hili, alivuliwa mdomo mrefu wa ratili 50 na kitu, karibu kilo 23. Sikuahidi huyo, ila ujue damu ni hiyo hiyo.

Haya, saa. Lewisville ni ziwa la kutengenezwa, wanaolisimamia ni kikosi cha wahandisi wa Jeshi la Marekani, lina ekari kama 29,000 na limezungukwa na miji kila upande, kwa hiyo kuanzia ile wikiendi ya Memorial Day mwisho wa mwezi wa tano mpaka Labor Day mwanzo wa mwezi wa tisa fujo yake ni kubwa. Na bahati mbaya au nzuri, hiyo hiyo ndo miezi ya gaa, anapenda maji ya moto, joto likiwa kali na samaki wengine wamezama chini kutafuta ubaridi yeye ndo anaogelea juu juu mchana kweupe. Kwa hiyo usimkimbie kwa sababu ya msimu, panga masaa tu. Jumanne au Jumatano asubuhi hutaamini kama ni ziwa lile lile. Kama kazi yako inakuruhusu wikiendi tu kama mimi kwa miaka mingi, basi uwe umeshatupa chambo kabla jua halijatoka, una masaa mpaka saa tatu hivi au saa nne asubuhi kabla wenye boti hawajamaliza kunywa chai, alafu funga virago upumzike. Jioni kuanzia saa kumi na mbili wanaanza kupandisha maboti yao kwenye trela, pale foleni ikiwa ndefu kwenye njia ya kushushia boti wewe ndo unaingia. Mchana katikati wikiendi mi siendi kabisa, labda kuwe na mawingu mazito na redio imetangaza mvua, ila radi ikilia ondoka na fimbo yako ya kuvulia, usibishane na radi ukiwa umeshika fimbo ndefu kando ya maji.

Pa kukaa. Hapa ndo wengi wanakosea, wanakaa kwenye gati zuri lenye kivuli karibu na watu wanaoogelea, na ndoana za meno matatu karibu na watoto wa watu. Usifanye hivyo hata siku moja, hata kama umewaona gaa wanapumua hapo. Tafuta mkono wa ziwa, pale vijito vinapoingilia, Hickory Creek, Little Elm Creek, Stewart Creek, ukienda ndani kabisa ambako maji ni ya kina cha kiuno na visiki vya miti iliyokufa vimejaa, boti ya kasi haiwezi kupita hapo, inaogopa kuvunja pangaboi. Huko ndo kwetu. Visiki ambavyo mwenye boti anavichukia ndo ukuta wako. Maji ya kina kifupi yanapata joto haraka, vidagaa vya huku vinaitwa shadi vinajazana humo, gaa naye anafuata chakula. Na majira ya kuchipua, kuanzia mwezi wa nne mpaka wa sita hivi, wanaingia kwenye maji mafupi yenye majani kutaga, utaona jike moja kubwa na madume madogo matatu manne yanamfuata ubavuni, mi nikiwaona hivyo nawaacha wamalize shughuli yao, natupa kwingine.

Angalia na upepo. Kiangazi huku kwetu upepo unapiga kutoka kusini karibu kila siku, unawasukuma shadi mpaka ufuko wa kaskazini. Watu wanapenda kukaa upande ambao upepo hauwapigi usoni, wewe kaa upande unaopigwa. Ukiona ndege weupe wale wenye miguu mirefu wamejipanga ukingoni wanadokoa vidagaa hapo usiulize mtu tena, na kabla hujafungua begi simama robo saa nzima bila kutupa kitu, hesabu ngapi wanapanda kupumua. Nikihesabu chini ya watatu nahama. Robo saa inaonekana ndefu, lakini ukikaa masaa manne mahali ambapo hamna samaki hiyo ndo ndefu zaidi.

Pia kuna chini ya bwawa, pale Elm Fork inapotokea ukutani na kuendelea mto. Huko hamna jetiski hata moja na gaa wanajikusanya kwenye maji yanayoenda kasi kiasi, sehemu ile ni hifadhi ina geti na kiingilio chake kidogo, ila angalia kwanza kama wanafungulia maji mengi siku hiyo maana mto unapanda ghafla. Kama una mtoto mdogo bora uende ziwani.

Vifaa sio vya bei. Fimbo ngumu kiasi ya futi 7, rili ambayo unaweza kuiachia mshipi utoke bila kizuizi chochote, hilo ni la lazima kabisa, mshipi wa kusokotwa wa ratili 30. Mwishoni unafunga waya wa chuma wa kama sentimita 30 au 40, bila waya meno yake yanakata mshipi kama uzi wa kushonea. Ndoana ya meno matatu iwe ndogo, sio kubwa, watu wanadhani samaki mrefu anataka ndoana kubwa, hapana, mdomo wake ni mwembamba, kitu kikubwa hakiingii kikafika nyuma. Na ukali, piga msasa mpaka ikikwaruza kucha inashika. Boya liwe dogo la kuteleza kwenye mshipi, chambo kikae kama mita moja chini ya boya, sio zaidi. Alafu praizi yenye mdomo mrefu, glavu za ngozi nzito zile za mafundi wa kuchomelea, taulo uilowanishe, na kipimo. Wavu wa mkono mi situmii sana kwa gaa, meno yanajisokota humo mnaumizana bure.

Chambo ni shadi, sina mjadala hapo. Unawapata kwa kimia alfajiri karibu na mawe ya madaraja, Texas inaruhusu kimia cha kipenyo kisichozidi futi 14 kwa samaki wa aina hii. Kata vipande vya urefu wa kidole, ndoana ipite pembeni kabisa ya nyama ncha zikiwa nje, usiifiche ndani. Chambo kiwe kibichi, damu iwe bado inatoka, gaa ana pua nzuri na hapendi kitu kilichooza, sio kama kambale anayekipenda. Na tafadhali sana, shadi wazima uliowakamata ziwa hili usiwahamishie ziwa lingine, na maji ya ndoo na ya boti uyamwage pale pale kabla hujaondoka. Sio maneno yangu tu, ni sheria, kuna kome wadogo wenye milia wanaitwa kome wa pundamilia wameshaingia Lewisville, wanasafiri kwenye maji kidogo tu ya ndoo, wanaziba mabomba na kuharibu kila ziwa wanaloingia.

Sasa tufike kwenye kushikwa kwenyewe. Siku moja mwanangu wa kwanza, alikuwa na miaka minane, tumekaa Hickory Creek asubuhi ya Jumamosi, kuna boti moja mbali imepita na mawimbi yake yamefika kwetu, boya linaenda juu chini juu chini, mi nimeshaangalia pembeni natafuta chupa ya maji. Akasema baba boya linatembea. Nikamwambia ni wimbi mwanangu. Akasema hapana baba, wimbi linaenda kule, boya linaenda huku. Nikaangalia kweli, mawimbi yanakuja ukingoni na boya linakwenda kushoto, taratibu, halizami, linateleza tu kama mtu anatembea na kikombe cha chai hataki kimwagike. Huyo ndo gaa. Nimevua samaki wengi na sijawahi kupata maelezo mazuri kuliko aliyoyasema yule mtoto: wimbi linalipandisha boya na kulishusha, gaa analitembeza. Ukijua kutofautisha hilo umeshaweza nusu ya uvuvi wa gaa kwenye ziwa lenye fujo.

Linapoanza kutembea fungua rili uache mshipi utoke bure kabisa, asihisi uzito wowote, akihisi anatema. Hapo amekishika chambo kwa ubavu, katikati ya mdomo, anakwenda nacho mahali anapoona ni salama. Ataenda mita kumi, ishirini, alafu anasimama. Mkono utakuwasha hapo, usivute. Akisimama ndo anakigeuza, anakipeleka nyuma kidogo kidogo kwa kutikisa kichwa, utaona boya linacheza cheza pale pale. Alafu anaondoka tena kwa mara ya pili, na safari hii anaondoka kama mwenye haja. Kutoka mwanzo mpaka hapo ni dakika moja na nusu, mbili, mara nyingine tatu. Sasa funga rili, ondoa ulegevu wote wa mshipi mpaka usikie uzito wake, ndo unavuta kwa nguvu na kwa mfululizo, sio kupiga mara moja na kulegeza.

Lakini kuna jambo lazima uliamue kabla hujatupa chambo, utakula au utamwachia? Ukimsubiri mpaka safari ya pili mara nyingi ndoana inashuka ndani sana, huyo ni wa kula, ukimrudisha atakufa. Kama nia yako ni kumrudisha vuta mapema, pale anaposimama mara ya kwanza, utakosa wengi sana ila utakaowapata watakuwa wameshikwa mbele mdomoni, au tumia kamba ambayo naielezea chini. Mi siku za kula nachukua mmoja, wawili, alafu nabadilisha nafunga kamba.

Fujo yenyewe unaidhibiti hivi. Mshipi wa kusokotwa unaelea, na mshipi unaoelea ndo unaokatwa na boti na ndo unaosukumwa na wimbi ukavuta chambo mdomoni mwa samaki kabla ya muda. Kwa hiyo ukishatupa inamisha ncha ya fimbo ndani ya maji kabisa, vuta mizunguko miwili ya haraka ili mshipi uzame, na ukiona boti zinaongezeka ning'iniza kachubwi kadogo kwenye mshipi kakae chini karibu na wewe. Usitupe mbali, mita 15 mpaka 20 zinatosha, gaa yupo karibu na ukingo kuliko unavyodhani, na kila mita unayoongeza ni mita nyingine ya mshipi inayokatwa. Fimbo mbili zinatosha kwa mtu mmoja, ukiwa na nne na moja ikaanza kutembea huku jetiski inakuja hutajua uanze na ipi. Sheria ya Texas inataka jetiski ikiwa ndani ya futi 50 kutoka ukingoni au kwa mtu ipite taratibu kabisa, wengine hawaijui, nyoosha mkono juu uonyeshe mshipi wako ulipo, wengi ni watu waungwana watazunguka. Yupo mmoja aliwahi kupita juu ya mishipi yangu miwili ndani ya dakika tano huku samaki ameshaanza safari ya pili, roho iliniuma sana siku ile. Nilichofanya ni kukusanya vipande vyote vya mshipi vilivyoelea, maana vile vipande vinawasonga ndege na kasa, na nikahamia kwenye visiki. Usimtupie mtu chubwi wala maneno, hata awe amekosa vipi.

Ukiwa kwenye kayaki vaa jaketi la kuokolea, usilikalie, na kabla jua halijatoka uwe na taa nyeupe. Mtoto wa chini ya miaka 13 kwenye kayaki au boti ndogo sheria inamtaka awe amelivaa muda wote.

Kumtoa majini. Gaa akikaribia ukingo anakuwa mtulivu unadhani amechoka, hajachoka, akiona miguu yako anaruka na kutikisa kichwa na ule mdomo unapita kama panga. Simama pembeni yake sio mbele yake. Vaa glavu mkono mmoja shika mdomo wote kwa pamoja ukiwa umefungwa, mkono mwingine chini ya mkia, mlaze kwenye taulo lililolowa, funika macho yake, atatulia. Vidole visiingie kwenye matamvua na usipitishe kiganja kinyume cha magamba, kingo zake zinachana. Ndoana unaitoa kwa praizi kupitia pembeni. Kwa kuwa anapumua hewa anavumilia nje ya maji kuliko samaki wengine, ila hiyo isikufanye umlaze kwenye zege la moto mnapiga picha ishirini. Ukimrudisha mshike mkia taratibu kwenye maji ya kina mpaka ajisukume mwenyewe.

Ile kamba sasa. Hii ni njia isiyo na ndoana hata moja na mi naipenda kuliko zote, hasa sehemu yenye watu. Chukua kamba nyeupe ya nailoni ya unene wa kidole kidogo, kata kipande cha kama sentimita 20, choma ncha moja kwa kiberiti ishikamane, funga kwa waya kwenye kipete cha kuunganishia mshipi, ile ncha nyingine uifumue yote mpaka iwe nyuzi nyuzi kama mkia wa farasi, chana na kitana kabisa. Unatupa, unaivuta polepole juu juu ya maji mbele ya gaa uliyemwona anapumua. Akiiuma usivute kwa nguvu, legeza kidogo, muache aitafune, zile nyuzi zinajisokota kwenye meno yake madogo mengi na hawezi kuitema. Alafu vuta kwa uzito ule ule usiobadilika mpaka ukingoni. Hapa zile dakika mbili zinapungua zinakuwa sekunde kumi, ndo maana kwenye msongamano wa boti inafaa sana. Sharti lake ni moja na nakusihi kwa moyo wote ulishike: usimwachie samaki mpaka umetoa kila uzi mdomoni. Kila uzi. Uzi ukibaki unaufunga mdomo wake na atakufa njaa polepole, na hujamtendea wema wowote kwa kumrudisha. Kaa na praizi, kata, chambua, hata ikichukua dakika tano mwagie maji. Na kamba usiitupe ikikatika, ifuate.

Leseni msipuuze ndugu zangu. Kuanzia miaka 17 unahitaji leseni ya maji baridi, kwa mkazi wa Texas ni kama dola 30 kwa mwaka, unanunua hata kwenye simu. Ukivua kutoka ukingoni ndani ya bustani za jimbo huhitaji, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita kila mwaka ni siku huru kwa wote. Hawa wa mdomo mrefu na madoadoa hawana kikomo cha idadi. Ila kuna gaa mamba, yule mkubwa wa mdomo mpana mfupi kama wa mamba kweli, na safu mbili za meno taya la juu, huyo yupo zaidi kwenye Trinity huko chini mpaka Lake Livingston, na huyo ana sheria zake kali: mmoja tu kwa siku kwa mtu, ukimchukua unaripoti kwa idara ya wanyamapori ndani ya saa 24, na kwenye Trinity kuanzia Dallas kwenda chini hutakiwi kuchukua aliyezidi inchi 48. Wana sababu, jike linachukua karibu miaka kumi kuanza kutaga na wengine wanaishi zaidi ya miaka 60. Ukimpata kwa bahati mkate waya karibu na mdomo aende. Na ukimuua gaa yeyote ukamwacha aoze ufukweni hilo ni kosa kisheria.

Naliweka hili kwa sababu nimewaona wakiachwa. Miaka mingi watu wa huku walimwita samaki takataka, miaka ya 1930 serikali ya Texas ilitengeneza mpaka boti ya kuwaua kwa umeme, eti wanamaliza samaki wazuri, wakati chakula chake kikubwa ni hawa hawa shadi. Bado utakuta asubuhi wamelazwa kwenye mawe wamekauka, wana mashimo ya mishale ya wanaowavua usiku kwa upinde, hakuna aliyewala. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria hawezi kuona samaki wa mita nzima ametupwa akapita kimya. Ukimuua mle.

Na analika vizuri mno. Mlaze kwa tumbo, chukua mkasi wa kukatia bati, anzia nyuma ya kichwa ukate deraya kwenye mstari wa mgongo mpaka mkiani, alafu chomeka kisu chini ya magamba uifungue ngozi pande zote mbili kama unafungua koti. Kando ya uti kuna minofu miwili mirefu myeupe, hiyo ndo nyama, haina harufu ya tope na ni ngumu kama ya kamba wa baharini. Ndani ukikuta mayai ya rangi ya kijani usiyaonje, usimpe paka, usimpe mbwa wala kuku, mayai ya gaa yana sumu, yafunge kwenye mfuko yaende jalalani, osha mikono na kisu. Na kwa wanaovua mto wenyewe wa Trinity pale unapopita Fort Worth na Dallas, idara ya afya ya jimbo imetoa onyo la kutokula samaki kwenye sehemu zile kwa sababu ya kemikali zilizoko chini, soma hilo onyo kwanza.

Mke wangu minofu anaisaga, anaponda na viazi viwili vya kuchemsha, kitunguu, thomu, dania, pilipili mbuzi moja na ndimu, anafinyanga katlesi, anachovya kwenye yai anakaanga. Watu wa Louisiana wana mapishi yao ya hivi hivi ya vidonge vya gaa, tofauti ni viungo tu. Ile nyama ukiikaanga vipande vizima inakaza, kwa hiyo kama huna mashine ya kusagia ikwangue kwa kijiko kufuata nyuzi zake, inatoka laini na mishipa yote inabaki nyuma.